Pedali Iliyonyamaza Harusini

Benchi letu liko Tamanrasset, mji wa jangwani kusini mwa Algeria, ubao uliolazwa juu ya matairi mawili ya lori, mbele ya kibanda cha Kilowati anayekodisha majenereta. Zamani hapa walikaa wanamuziki. Siku hizi tunakaa watu tuliokuwa wanamuziki, na mimi niliyekuwa mpiga makofi wa bendi nimebaki mpika chai. Katikati ya benchi ipo pedali ya gitaa, kijisanduku cha bati la tangi bovu alichokiunda Mossa, fundi wa vyombo vyetu, kwa mikono yake. Ukikikanyaga, gitaa linanguruma. Kwenye harusi ya akina Alhaji Bay gitaa lilikata sauti katikati ya wimbo. Wageni wakacheka, akaitwa mtu wa kinanda. Solo, mpiga gitaa wetu, akamtupia Mossa kile kijisanduku miguuni na kumwambia ana kwato badala ya mikono. Alimwambia hivyo mbele ya wanawake wote, na kwetu neno la namna hiyo halina dawa. Mossa alivuta kilemba hadi machoni, akadandia lori la wachimba dhahabu, na mpaka leo hajarudi. Sisi tumebaki kubishana juu ya sanduku.

KILOWATI: Nasema tena, ni umeme wa mji. Siku ile waliukata, wakaurudisha kwa fujo. Saketi ikaungua.

MIMI: Pedali inatumia betri, Kilowati. Betri!

KILOWATI: Sasa? Umeme ukikasirika unachagua?

TUMBAKU: Wee acha zako.

Huyo Tumbaku ndiye mkubwa wetu, mpiga ngoma, shavu moja limejaa siku zote.

TUMBAKU: Hema lilisimamishwa kwenye mto mkavu. Wenyewe wanalala pale. Nyinyi mnawangurumia vichwani, mnategemea nini? Wameichukua sauti, wanaitumia kwenye harusi zao.

KILOWATI: Majini wana gitaa?

TUMBAKU: Tangu siku ile wanalo.

SOLO: Mnazunguka bure. Ni Mossa. Mtu anaunganisha waya kama anafunga mbuzi, halafu mnatafuta majini.

KILOWATI: Au yule wa kinanda! Nilimwona anainama nyuma ya hema. Anainama kufanya nini mtu mzima?

MIMI: Alikuwa anakojoa.

KILOWATI: Ndivyo walivyotaka uamini. Ngoja, ngoja, nimepata! Redio! Mnakumbuka pedali ilikuwa inashika redio? Bei ya vitunguu ikatoka ndani ya wimbo wa bibi harusi?

TUMBAKU: Wallahi nakumbuka. Bibi harusi akalia.

KILOWATI: Sasa kama sisi tunamsikia mtangazaji, yeye hatusikii? Kachoka na makelele ya Solo, kabonyeza kitufe huko huko Algiers, kwisha!

Tulicheka, lakini kicheko cha benchi letu siku hizi hakifiki mbali. Solo peke yake hakucheka.

SOLO: Redio nilishaimaliza mimi, kabla ya harusi ya akina Bay.

TUMBAKU: Uliimalizaje?

SOLO: Niliimaliza tu. Wewe mimina chai.

Nikamimina, nikarudisha birika juu ya kitandiko chake chekundu. Ndipo akatokea Dassine, dada yake Mossa, fundi wa ngozi, vidole vyekundu kwa rangi. Hakukaa.

DASSINE: Hamjambo.

TUMBAKU: Hatujambo, binti yangu. Habari za kaka yako?

DASSINE: Habari zake mnazo nyinyi. Nimekuja kuchukua kitu chake, kikae nyumbani. Kimefunguliwa?

Miezi yote ile, majini, redio, kinanda, na hakuna aliyeshika bisibisi. Dassine akatoa kisu chake cha kazi, akalegeza skrubu, akainua mfuniko. Ndani kulimeta. Kuta na sakafu vilikuwa vimebandikwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya chai, na saketi imekalishwa juu yake, chini pana doa jeusi la kuungua.

DASSINE: Kaka yangu hafungi hivi. Saketi yake inakalia ngozi, ili vile vinundu vya risasi ya kulehemu vilivyo chini yake visiguse bati. Nilimkatia mwenyewe, ya mbuzi, nyekundu. Iko wapi?

Macho yetu yalihamia kwenye birika. Dassine akaliinua, akanipa. Chini yake kilikuwa kile kitandiko cha kila siku, kipande cha ngozi nyekundu, na kwenye pembe zake matundu manne ya skrubu. Nimelitua birika juu yake tangu harusi ile na sikujiuliza kimetoka wapi. Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

SOLO: Redio ilikuwa inaingia, dada. Niliambiwa karatasi ya kung'aa inaizuia. Nikaiweka. Mfuniko ukakataa kufunga, basi nikatoa ngozi.

DASSINE: Lini?

SOLO: Asubuhi ya harusi.

TUMBAKU: Ukakanyaga kwa nguvu zako zote, saketi ikabusu karatasi, ikaungua. Halafu kwato ukampa Mossa.

SOLO: Nitampigia simu. Nitamwomba radhi, wallahi leo leo.

DASSINE: Kwani ulimnong'oneza? Ulisema mbele ya wanawake, na mbele ya wanawake utayameza. Nitampelekea habari, na kwa hilo atakuja, namjua. Mimi nataka siku tu. Harusi yenu inayofuata ni lini?

Kilowati akaanza kufuta jenereta lililokuwa safi. Tumbaku akatema, akajifanya anatafuta kitu mchangani. Solo akavuta kilemba chake hadi machoni. Tangu kwa akina Bay hakuna aliyetuita. Hata mpwa wangu aliolewa kwa kinanda.

Dassine alikwisha kuikunja ngozi yake. Nikabaki nimeshika birika la moto bila pa kulitua, naye amesimama anangoja tumtajie siku.