Sikio, Bega na Pua: Maisha ya Baba Yetu Mhudumu

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa fundi cherehani. Utotoni, maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile. Akitumwa vitu vitatu dukani, alirudi na kimoja, pamoja na kingine ambacho hakuna aliyekiagiza. Bibi, mama yake, alichoka kugomba, akamfundisha kuvivaa: "Chumvi weka sikioni, mafuta begani, kiberiti puani. Ukifika, jipapase." Hakukosea tena, ingawa mwenye duka alidhani mtoto anawashwa.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1965. Jedwali la kuzidisha alilikata vipande akaliimba, na mwalimu alimtoa nje mara nyingi kwa kelele.

Kuanzia mwaka 1970 hadi alipostaafu 2011, alikuwa mhudumu katika mkahawa wa stesheni ya reli. Hakuandika oda. Kila mteja alimvika chakula chake akilini: huyu yai kwenye upara, yule chai ikimchuruzika ndevuni. Ndiyo maana alitabasamu peke yake. Meza ikijaa, alisema, "Jamani, polepole. Kichwa changu kina viti vinne tu."

Tarehe 14 Agosti 1976 alimwoa mama, mkata tiketi wa stesheni hiyohiyo. Kwa kuwa majina yetu aliyachanganya kila siku, alitugawia mahali: kaka sikio, dada bega, mimi kitinda mimba pua. Mama akauliza, "Na mimi je?" Baba akaweka kiganja kifuani. "Wewe sikukariri, mama watoto. Wewe umo."

Tarehe 26 Februari 2023 alipata kiharusi, akapoteza maneno. Daktari alisema huenda asitutambue tena. Hilo lilituuma kuliko ugonjwa wenyewe, na mama aliacha hata kula. Jumapili iliyofuata tuliingia wodini sote. Baba alimtazama kaka, mkono wake uliobaki mzima ukapanda taratibu hadi sikioni. Kwa dada, begani. Kwangu alijibinya pua, nikacheka mpaka muuguzi akaja. Kisha akamgeukia mama, akaweka kiganja kifuani, akakiacha hapohapo. Ndipo tukashusha pumzi.

Alifariki kesho yake asubuhi, tarehe 6 Machi. Tunalia, lakini mioyo imetulia.

Ameacha mjane, watoto watatu, na wajukuu watano waliozoea kugombania magoti yake mawili.

Baba, viti vyote vinne vilikuwa na watu mpaka mwisho. Sasa keti na wewe, upumzike kwa amani.