Pazia la Chapchap

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kutusindikizia kaka yetu, familia imenipa mimi, mdogo wake wa kumfuata, kazi ya kuwasomea maisha yake, na kwa kuwa yeye mwenyewe aliniagiza nisiyapambe, naomba mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya posta, alikokuwa baba yetu karani. Alianza shule ya msingi Januari 1966, akamaliza sekondari mwaka 1978, akiwa mwepesi wa hesabu na mwepesi zaidi wa mdomo, akajiunga na chuo cha famasia na kuhitimu Novemba 1982, siku ambayo baba alivaa suti ya kuazima na kukataa kuirudisha hadi wiki ikaisha.

Tarehe 3 Januari 1983 aliajiriwa katika famasi ya hospitali ya wilaya, dirisha la pili, nyuma ya kioo chenye tundu dogo lililomlazimu mgonjwa kuinama ili asikike, na hapo ndipo alipopewa jina la Chapchap, maana foleni iliyowashinda wenzake hadi jioni yeye aliimaliza kabla ya saa sita, na jina hilo alitembea nalo mtaani kifua mbele. Alifunga ndoa tarehe 16 Agosti 1986 na shemeji yetu, mwalimu, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza fundi umeme, wa pili mwalimu kama mama yake, na kitinda mimba ambaye bado yuko chuoni.

Sasa nafika pale alipotaka nifike. Septemba 1991, mama mmoja fundi cherehani, aliyemshonea makoti yake yote meupe, alifika dirishani, akapewa dawa, akainama kwenye tundu na kuuliza kwa sauti ya chini namna ya kuitumia, na kaka, kwa haraka zake, akamjibu kwa sauti ya kufika getini kwamba hiyo haimezwi, inawekwa ukeni, tena mumewe naye aje atibiwe. Foleni ilicheka. Mama yule aliiacha dawa palepale dirishani, hakuonekana tena hospitalini hadi alipoletwa amebebwa mwezi Desemba, maradhi yakiwa yameshapanda kwenye kizazi, akafanyiwa upasuaji, na mtoto aliyekuwa akimtamani hakumpata. Haya nayasoma kwa ruhusa yake, niliyoiomba kwanza kama kaka alivyoagiza.

Kaka alikwenda nyumbani kwake kuomba radhi, akasimama mlangoni, na mama yule, bila kuondoa mguu kwenye cherehani, akamwambia, "Siku ile nilikusikia, na foleni nzima ilikusikia. Leo usinisemeshe." Kaka alirudi nyumbani asiweze kula, akamwambia mkewe kwamba anajua uzito wa kila kidonge kwenye ile stoo, lakini hakumjua mtu aliyesimama mbele yake, mtu anayejua hadi vipimo vya mabega yake, na aibu hiyo haikumtoka tena.

Mwaka uliofuata aliomba kioo kiondolewe, akanyimwa, akaamua kuweka viti viwili pembeni mwa stoo, na pazia alilolishona mwenyewe kwa mkono, likaenda upande, kwa kuwa fundi aliyemwamini hakuwa akisema naye. Kila mgonjwa alimwambia akae kwanza, akamuuliza anakula saa ngapi, dawa gani nyingine anazo nyumbani, kitu gani kinamtia hofu, kisha akamwomba aeleze mwenyewe jinsi atakavyozitumia. Wenzake walinuna, foleni ikafika getini, ukuu wa famasi ukampita, na Chapchap likabaki jina la utani tu, maana hapakuwa na mzito kama yeye, hadi alipostaafu Machi 2018.

Familia ilitaka isomwe kwamba aliugua kwa muda mfupi, lakini yeye alikataa. Aliugua saratani ya tezi dume, akaanza kupata shida ya kukojoa mwaka 2019, akaficha, mtu aliyewasitiri wengine miaka yote ile, akawa anajinunulia dawa za maumivu na kumwambia shemeji ni umri, mpaka Februari 2021 aliposhindwa kusimama. Daktari alipomuuliza mbona amechelewa, alijibu, "Niliona haya, daktari. Mimi huyu, niliona haya."

Mwezi Mei 2022 mama fundi alifika wodini. Kaka alipomwona aligeuzia uso ukutani, mama yule akatuomba tutoke, akavuta pazia la kitanda, wakazungumza kwa sauti ya chini, na sisi kwenye benchi hatukuambulia hata neno, na alipotoka macho yamemwiva hatukumuuliza. Kaka alifariki tarehe 9 Juni 2022, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake, pamoja na wale waliomnunia, majirani waliokesha nasi, na mama fundi aliyekuja. Wanaume wenzangu mnaoficha kama alivyoficha, kaka anawaomba mwende mkapime.

Kaka, pumzika kwa amani, na yote uliyonong'onezwa nyuma ya pazia, pumzika nayo.