Mzee Ittoop, Aliyechoma Uzi wa Kila Sari

Marehemu Mzee Ittoop Varkey aliagiza wasifu wake usisomwe na mtu anayempenda sana, kwa kuwa mtu huyo angetia chumvi. Ndiyo maana kazi hii imemwangukia mkwewe, Cherian, ambaye ndiye anayewasomea.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 katika kijiji jirani na Pala, wilayani Kottayam, jimbo la Kerala, mtoto wa pili wa Varkey na Eliswa. Alisoma shule ya parokia hadi darasa la saba. Dada yake Kunjeli anakumbuka kwamba walipofundishwa kuwa dunia ni mviringo, Ittoop alimuuliza mwalimu, "Aliyeizunguka ni nani, na tunamjuaje kwamba si mwongo?" Alichapwa. Hakubadilika.

Mwaka 1956 aliingia kazini kwenye duka la nguo la mjomba wake, na mwaka 1963 akafungua lake karibu na soko la Pala. Kwa miaka arobaini na sita aliuza manthrakodi, ile sari ambayo bwana harusi humfunika nayo mkewe kichwani mbele ya padri, kuonyesha kwamba tangu hapo yu chini ya ulinzi wake. Mama wa bwana harusi alipofika, Mzee hakusifia mali. Alichomoa uzi pindoni, akauwasha kwa kibiriti, akampa anuse.

"Inanuka nini, mama?"

"Nywele zilizoungua."

"Basi ni hariri. Muuzaji akikataa kukuchomea, toka dukani kwake."

Wenzake sokoni walimwita Tomaso, kama yule mtume asiyeamini mpaka aguse. Alijibu kwamba Tomaso ndiye aliyetuletea imani huku Kerala, kwa hiyo wamheshimu.

Tarehe 27 Januari 1964 alifunga ndoa na Rahel. Pale madhabahuni, badala ya kumfunika, alisimama akilipekecha pindo kwa vidole, akihofu kwamba sari imebadilishwa njiani. Rahel alimnong'oneza, "Ni ile ile. Funika, watu wanangoja." Walijaliwa mtoto mmoja, Leelamma.

Cherian alipomposa Leelamma mwaka 1989, Mzee aliwahoji majirani watatu wa kijana huyo, padri wake na kinyozi wake. Sari ya harusi hutoka upande wa mume, na kuinunua dukani kwa baba mkwe ingekuwa aibu. Kijana akasafiri mpaka Kanchipuram, mji wa wafumaji wa hariri. Siku moja kabla ya harusi, tarehe 14 Mei, jamaa wa pande zote mbili walikusanyika ili zichomolewe kwenye sari hiyo nyuzi saba za kusokota kamba ya minnu, kile kidani cha ndoa. Mzee akaomba uzi wa nane. Kila mtu alijua ni wa nini.

Uzi ule haukunuka nywele. Ulijikunja ukawa kidonge cheusi, kigumu, chenye harufu ya plastiki. Cherian, mwalimu wa sayansi, alikuwa karibu naye, akaisikia. Huko Kanchipuram alikuwa ametapeliwa. Shangazi mmoja akauliza kwa mbali, "Vipi, Ittoop?"

Mzee alikiponda kidonge kwa dole gumba. "Hariri," alisema. "Endeleeni."

Baadaye, huko uani, Cherian alimfuata. "Baba, uliona. Mbona ulisema vile?"

"Sikuwa nikiutazama uzi. Nilikuwa nakutazama wewe. Tapeli angekuwa na maneno tayari. Wewe ulikuwa na jasho tu."

Cherian alificha jambo hili miaka thelathini na mitatu. Jana, kabla ya kuchapisha karatasi hizi, alimsomea mkewe.

"Soma tu," Leelamma akasema. "Nimelelewa juu ya majora ya hariri, halafu nisijue nimevikwa nini? Iliponigusa kichwa nilijua. Ilikuwa na joto la nailoni, kama mwavuli."

"Na hukusema?"

"Baba alikuwa ameshasema ni hariri. Yeye, kukosea hariri! Nikajua ameshakupima."

Rahel alifariki tarehe 3 Novemba 2004. Sari ya harusi ya mke huenda naye kaburini, na Mzee hakumwachia mtu aishike. Aliipapasa inchi kwa inchi, kisha akamfunika mwenyewe, safari hii bila kuharakishwa.

Tangu mwaka 2021 alisumbuliwa na figo. Alivilamba vidonge kabla ya kuvimeza na kuwauliza wauguzi wamesomea wapi. Alasiri ya tarehe 9 Februari 2023 padri alipoleta mafuta ya wagonjwa, Mzee alitaka kwanza ayanuse. Padri akamsogezea. Mzee akanusa, akafikiri. "Sawa. Haya, padri, endelea." Saa kumi na robo alikata roho, akiwa na miaka themanini na minne.

Ameacha binti, Leelamma; mkwe, Cherian; wajukuu wawili, Tessy na Jobin; na dada yake, Kunjeli.

Mola ampe pumziko ambalo hata yeye hatalitilia shaka.