Salesio Ndwiga, Mtu Aliyezomewa na Uwanja Mzima

Wasikilizaji wapendwa, songeni karibu na redio. Kama uko shambani Kanja, weka jembe chini kidogo. Kama uko sokoni Runyenjes, mwambie mteja asubiri. Leo tunamkumbuka mtu ambaye uwanja mzima ulimwambia ashuke jukwaani, akakataa. Tunamkumbuka Salesio Ndwiga. Mimi ni Peninah Koome, na leo nimeomba niongezewe muda, kwa sababu habari za mtu huyu haziingii katika dakika kumi.

Salesio Ndwiga alitutoka Jumanne iliyopita, nyumbani kwake Kanja, akiwa na miaka sitini na tisa. Narudia kwa wale ambao wamefungua redio sasa hivi. Salesio Ndwiga, fundi wa redio, mpiga gitaa, ametutoka Jumanne akiwa na miaka sitini na tisa.

Nianze wapi? Nianze na gitaa lake. Mwaka wa sabini na nne, Salesio alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio pale Runyenjes. Muziki wa roki ulikuwa umeingia. Vijana wa Nairobi walikuwa na nywele kama mwavuli, viatu vya raizoni vyenye soli nene kama tofali, na magitaa ya umeme yanayolia hadi meno yanauma. Salesio hakuwa na gitaa la umeme. Basi alichukua gitaa la kawaida, akafungua simu moja iliyokufa, akatoa kile kipande unachowekea sikio, akakifunga chini ya nyuzi kwa waya. Akaunganisha na redio kubwa ya mteja. Akagusa uzi mmoja. Mke wake, Mama Jedidah, wakati huo walikuwa wachumba tu, anakumbuka.

"Kuku wote walikimbia," Mama Jedidah ameniambia. "Na mwenye redio akakuja mbio akifikiri imelipuka. Yeye Salesio anacheka tu. Anacheka kama mtu amepata mtoto."

Sasa, wasikilizaji, twende Meru. Desemba, mwaka wa sabini na sita. Bendi ya roki kutoka Nairobi iliyoitwa Radi Saba inakuja kupiga uwanjani. Watu elfu nane! Wametoka Laare, wametoka Maua, wametoka Chuka. Wengine wamefika tangu alfajiri, mashavu yamejaa miraa. Na meneja wa Radi Saba anatafuta mtu wa kutangulia. Mtu wa kupasha uwanja moto kabla wakubwa hawajapanda. Akampata Salesio. Nyimbo tatu, akaambiwa. Tatu tu.

Saa nane mchana Salesio akapanda jukwaani. Alikuwa amevaa suti yake ya kanisani. Miaka ishirini na tatu. Akashika maikrofoni akasema, "Hamjambo. Mimi naitwa Salesio Ndwiga, nimetoka Kanja."

Sauti moja ikajibu kutoka mbele, "Rudi Kanja!"

Uwanja ukacheka. Akaanza wimbo wa kwanza. Vikaanza kuruka vijiti vya miraa. Yakafuata maganda ya ndizi, na machungwa. Na hapo mbele kabisa kulikuwa na jamaa mrefu, shati jekundu, sauti kama honi ya lori. Jina lake ni Thuranira. Kazi yake ilikuwa kufunga miraa kule Laare, na alizoea kuita magari ya kubeba mzigo yakiwa ng'ambo ya mlima. Thuranira akafungua kinywa. "Shuka! Shuka! Shuka!"

Uwanja wote ukampokea. Watu elfu nane! Shuka! Shuka! Shuka!

Salesio alipiga wimbo mmoja na nusu. Akashuka.

"Alifika kwetu na ganda la chungwa kwa nywele," anasema Mama Jedidah. "Nikalitoa. Akaenda kunawa uso. Na mimi sikuuliza."

Ungefikiri hapo ndipo hadithi inaishia. Haiishii hapo! Mwaka uliofuata, Agosti ya sabini na saba, Radi Saba walikuja Embu. Salesio akaenda tena kwa meneja. Alijiambia, hawa ni watu wa kwetu, hawa watanisikiliza. Ngoja nikuambie, wasikilizaji wapendwa, ilikuwa mbaya kuliko Meru. Kule Meru hawakumjua. Embu walimjua kwa jina. "Salesio, redio yangu iko wapi?" "Salesio, nenda utengeneze pasi ya mama!" Kila mtu alikuwa na la kusema. Na kisha, kama kawaida, "Shuka! Shuka!"

Hapa lazima niseme ukweli, maana mnanisikia na Mungu ananisikia. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimetoroka kwetu na binamu zangu. Sikumjua Salesio, sikusikia hata alikuwa anaimba nini. Wenzangu walipaza sauti, na mimi nikapaza. Ilikuwa raha! Nasema ukweli wangu, ilikuwa raha. Halafu nikaona gunzi la mahindi ya kuchoma likiruka juu ya vichwa vyetu, likampata juu ya jicho. Damu ikatiririka mpaka kwenye kola. Salesio akafumba jicho hilo moja akaendelea kupiga. Alimaliza wimbo wa pili hivyo, kwa jicho moja, mpaka meneja akaja kumvuta mkono. Mimi nikanyamaza. Lakini nilinyamaza nikiwa nimechelewa.

Mwaka wa tisini na nane, alipokuja hapa studioni, nilimwambia. Nikamwambia, "Mzee Salesio, ile siku ya Embu, mimi nilikuwa mmoja wao."

Akaniuliza, "Ulirusha kitu?"

"Hapana. Nilipiga kelele tu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi wewe ulikuwa kwaya," akasema.

Baada ya Embu, Salesio hakugusa gitaa. Miezi minane. Alitengeneza redio za watu, akachuma kahawa ya mama yake, akaoa. Gitaa lilikuwa chini ya kitanda. Jumapili moja, Mama Jedidah alikuwa anachambua maharagwe, akamuuliza jambo ambalo hakuwahi kumuuliza.

"Wakati ule uko juu pale, ulikuwa unasikia nini?"

"Shuka."

"Wanasema vipi? Kila mtu na yake?"

"Hapana. Wote pamoja."

"Watu elfu nane, wote pamoja? Hakuna anayetangulia, hakuna anayebaki nyuma?"

"Wote pamoja."

Mama Jedidah akaendelea na maharagwe yake. "Basi hao watu wanajua kuimba," akasema.

Wasikilizaji, Salesio alisimama. Alienda chumbani, akavuta gitaa kutoka chini ya kitanda. Akamwambia mke wake, "Sema hilo neno. Sema vile nilikuambia walisema." Mama Jedidah akapiga meza kwa kiganja. Shuka! Shuka! Na Salesio akaingiza nyuzi katikati. Majirani walifikiri ni ugomvi wa maharusi. Mtu mmoja alikuja kuwaamua!

Aprili, mwaka wa sabini na tisa. Meru. Uwanja ule ule. Radi Saba ile ile. Na safari hii hakuna mtu aliyetaka kutangulia, wote walikuwa wamesikia yaliyompata Salesio. Salesio akajitokeza. Meneja akamtazama lile kovu juu ya jicho.

"Wewe una wazimu?"

"Nipatie nyimbo zangu tatu," Salesio akasema.

Alipanda bila suti. Shati la kazi, mikono imekunjwa. Hakusalimia mtu. Akasimama. Akapiga uzi mmoja, akanyamaza. Watu wakamtambua. "Ni yule wa Kanja! Amerudi!" Na pale mbele, nani yupo? Thuranira! Shati jekundu lile lile! Akavuta pumzi.

"Shuka!"

Gitaa likajibu. Tin-tin!

"Shuka!"

Tin-tin!

Watu hawakuelewa. Wakaongeza kelele, na Salesio akaongeza sauti. Wakaenda haraka, akaenda nao haraka. Ghafla akakata. Kimya. Wao wakapiga "Shuka!" peke yao, ndani ya kile kimya, wakajisikia. Wakajisikia wenyewe, wasikilizaji! Uwanja ukaangua kicheko. Na kabla kicheko hakijaisha, Salesio akaimba:

"Nimetoka Kanja na miguu yangu..."

"Shuka!"

"Nimepanda jukwaa na woga wangu..."

"Shuka!"

"Nikishuka sasa nitaenda wapi..."

"Shuka!"

"Na nyinyi wote mko ndani ya wimbo wangu!"

Vumbi lilipanda! Watu walikuwa wanaruka. Akina mama waliokuwa wanauza uji nje ya ua waliacha vibuyu wakaja kuchungulia. Mpiga ngoma wa Radi Saba alitoka nyuma akiwa na kiatu kimoja, akakaa kwenye ngoma zake, akaingia. Na hapo Salesio akanyoosha kidole. "Wewe wa shati jekundu. Kuja hapa."

Nimeongea na Mzee Thuranira jana kwa simu. Sauti bado ni ile ile, ilibidi niweke simu mbali na sikio.

"Nilijua anataka tupigane," Mzee Thuranira amesema. "Nilipanda nimekunja ngumi. Lakini yeye akanipatia maikrofoni! Nikageuka nikaona wale watu. Wote wananiangalia mimi. Nikatafuta ngazi ya kushukia, mimi Thuranira, mtu wa kuita magari ng'ambo ya mlima. Sauti ikakataa kutoka. Nikamwangalia huyo Salesio, nikaona hilo kovu. Nikajiambia, kumbe huyu mtu amekuwa akisimama hapa peke yake."

Sauti ilikataa mara ya kwanza. Mara ya pili ikatoka. Na ilipotoka, spika moja ilipasuka!

Alikuwa amepewa nyimbo tatu. Alipiga huo mmoja, kwa dakika arobaini. Meneja alikuwa pembeni anaonyesha saa, hakuna aliyemtazama. Radi Saba walipopanda, watu walikuwa wamekauka sauti.

Kuanzia siku hiyo, Salesio Ndwiga wa Kanja na Thuranira wa Laare walikuwa kitu kimoja. Mwembu na Mmeru, gitaa na honi. Miaka ishirini na mbili walitangulia bendi kubwa. Embu, Meru, Isiolo, Nanyuki, Thika. Walirekodi wimbo wa "Shuka," tukaupiga hapa redioni mpaka santuri ikalika. Lakini hawakuwa bendi kubwa. Walikuwa watu wa kutangulia. Nilimuuliza Salesio kama hilo lilimuuma. Akaniambia, "Mkubwa anapewa watu wameshaiva. Mimi napewa watu wakiwa wabichi. Kazi ni yangu."

Na sasa niwaambie jambo la mwisho, ambalo wengi hamlijui.

Mwaka wa elfu mbili na kumi na moja, mjini Embu, hatimaye Salesio alikuwa mkubwa wa siku. Uwanja ulijaa watu wa rika lake, wamekuja na wajukuu. Na wa kutangulia alikuwa msichana wa Meru, Makandi, miaka kumi na tisa, na gitaa lake. Wimbo wake ulikuwa mpole, wa maneno mengi. Watu hawakuwa na subira. Walimtaka Salesio. Na wakaanza, huku wanacheka, wakidhani ni mchezo, "Shuka! Shuka! Shuka!"

Wasikilizaji wapendwa, walikuwa wanamfukuza kwa wimbo wa Salesio mwenyewe.

Makandi ameniambia, "Vidole vilikufa. Nikaanza kutoa mkanda wa gitaa begani. Halafu nikasikia kitu kinaburutwa nyuma yangu."

Kilikuwa kiti cha plastiki. Salesio alikuwa amekibeba kutoka chumba cha wasanii. Akapita mbele ya jukwaa, akakiweka katikati, akakaa. Aliwapa watu mgongo. Alimtazama Makandi peke yake.

"Endelea, mama," akamwambia. "Mimi nasikiliza."

Kelele zikapungua upande mmoja, zikapungua upande wa pili. Makandi akaimba. Alimaliza wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Na yule mzee hakugeuka hata mara moja. Wimbo wa tatu ulipoisha alisimama, akapiga makofi, akachukua maikrofoni. Nilikuwepo, nimeyaandika maneno yake.

"Zamani mliniambia hilo neno, tukaimba pamoja. Leo hamkuimba. Leo mlikuwa mnamfukuza mtoto. Mimi ninajua tofauti, nimesimama pande zote mbili."

Alipiga nyimbo zake siku hiyo, na alizipiga vizuri ajabu. Watu waliomba "Shuka" mara tatu, wakapiga magoti. Hakuupiga. Alitabasamu, akampa Thuranira mkono, wakaenda nyumbani.

Tunampa pole Mama Jedidah. Tunampa pole binti yake Ciakuthii na ndugu zake wote. Pole kwa Mzee Thuranira kule Laare, ambaye amesema atakuja Kanja siku ya mazishi, Ijumaa, na kwamba ataongea taratibu. Mungu awashike mkono. Na asante, Mama Jedidah, kwa yale maharagwe.

Nanyi mnaonisikiliza, nina ombi moja. Jumamosi kuna tamasha hapa mjini. Najua mnamjua yule mkubwa anayekuja kutoka Nairobi, mmeshanunua tikiti. Kuna mtu mwingine atapanda saa nane mchana, kabla yake. Jina lake silijui. Hata aliyepanga tamasha nilipomuuliza, ilibidi atafute karatasi. Huyo mtu sasa hivi yuko mahali fulani anafanya mazoezi.

Fikeni mapema. Kaeni mbele.