Mama Foleni, Aliyekataa Kuruka Zamu

Marehemu, ambaye wengi mliofika hapa mnamjua kwa jina la Mama Foleni, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mfanyausafi wa zahanati. Akiwa na miaka saba alitumwa maji bombani. Alirudi na ndoo tupu, ila akijua kwa nini foleni haisogei: mwenye bomba alikuwa akiwapitisha shemeji zake mlango wa nyuma. Mama yake akamwambia, "Nimekutuma maji, umeniletea habari." Huo ndio ulikuwa utafiti wake wa kwanza.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani na sekondari ya bweni ya wasichana, akahitimu uuguzi mwaka 1980. Shahada ya uzamili aliipata mwaka 1989 na ya uzamivu 1996. Kaka yake, muuza vitanda aliyeishia darasa la saba, alimwuliza elimu yote hiyo ya kuchunguza watu wakingoja ataiuza wapi. Akajibiwa kwamba hakuna asiyengoja, kwa hiyo wateja hawataisha. Hoja ya soko kaka aliielewa.

Tarehe 7 Septemba 1985 alifunga ndoa na fundi wa mashine za eksrei. Chakula kilipochelewa, bibi harusi alionekana akisukuma meza ya sahani, gauni kalikunja mkononi, ili msongamano upungue. Mumewe aliwaambia wageni kwamba yeye alitaka mke, kumbe amepewa mkaguzi. Walijaliwa watoto wawili.

Aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa huduma za afya cha chuo kikuu. Kazi iliyompa jina ilifanyika kliniki ya watoto. Akina mama walikuwa wanaandikisha kadi dirishani, wanavuka ua kupima uzito wa watoto, kisha wanarudi dirisha lilelile kugongewa muhuri, wakigongana na wanaofika. Marehemu alihamishia mizani kando ya dirisha. Kliniki iliyokuwa ikiisha alasiri ikawa inaisha kabla ya adhuhuri. Katika makala yake aliandika majina ya wote walioshiriki: muuguzi, karani wa masjala, hata seremala aliyehamisha meza. Wenzake wakamtania: hii ni makala au orodha ya waalikwa harusini?

Orodha ile ilimgharimu. Mtafiti hupimwa kwa mara ambazo wenzake wanazirejelea makala zake, na kamati ya vyeo ilimnyima uprofesa mara mbili: marejeleo machache, washirika wengi. Mwaka 2008 nafasi ya mkuu wa kituo ikawa wazi, na bila uprofesa asingeipata. Angeichukua mtafiti waliyemwita Mwenyekiti, ambaye alikwisha kutangaza kwamba mambo ya mizani na madirisha atayafuta. Huyohuyo alimwita ofisini, akamwekea chai na dili. Walikuwa watafiti sita, yeye akiwemo, na kila aliyeandika aliwarejelea wenzake watano, ihusu isihusu. Yeye awe wa saba, uprofesa utamfuata nyumbani, na ukuu wa kituo amwachie mwenye dili.

Kaka yake alimshauri akubali cheo kwanza, ukuu watauzungumza baadaye. Nikune nikukune haijaua mtu.

"Kaka," alisema marehemu, "yule jamaa wa mnadani, anayepandisha bei kwa mpango na muuzaji, jioni hurudi nyumbani na kitanda?"

"Atakitoa wapi? Hanunui yule."

"Basi hao sita ndio hao. Na mimi nimewaambia akina mama miaka yote wasiruke foleni."

Kaka alikuna kidevu, akasema kizuri chajiuza, ila kisimlaze njaa akingoja mnunuzi. Dili likafia hapo, na chai ya Mwenyekiti ikapoa.

Mwaka 2009 chuo kilileta wapimaji kutoka nje. Wakaondoa kila rejeleo la mtu kujitaja mwenyewe, na yale ya kutajana kwa zamu. Kilichobaki kwa Mwenyekiti kingeenea kwenye kiganja. Cha marehemu hakikupungua. Kisha wakachora ushirikiano wa kila mmoja: mtu nukta, kazi ya pamoja mstari. Wale sita walitokea kama mbwa anayefukuza mkia wake. Mchoro wa marehemu ulijaa ukuta: wauguzi, makarani, wahandisi, wanatakwimu wa nchi kumi na moja, na kliniki zilizokwisha kuhamisha mizani bila kumwuliza. Alipewa uprofesa na kituo siku moja. Kaka yake alisema mzani ukitolewa vidole, nyama husema yenyewe. Aliongoza hadi alipostaafu mwaka 2018.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Daktari, mwanafunzi wake wa zamani, alitaka kumtanguliza kwenye mashine ya kusafisha damu. "Mama wa kitanda cha tatu kafika kabla yangu," alimjibu. "Nilikufundisha nini?" Alifariki tarehe 6 Juni 2024, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha mume, binti mfamasia, mwana mwalimu wa hesabu, wajukuu wanne na kaka. Ameacha pia agizo: wakati wa kumuaga, foleni ziwe mbili, wazee watangulie, na profesa yeyote asimruke karani.

Mama Foleni, ulingoja kwa haki. Zamu yako imefika. Pumzika kwa amani.