Mama Aliyeionea Wivu Ngano ya Mwenzake

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi wa pampu za maji na mkewe. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1972, kisha akasomea ufundi wa magari, msichana pekee darasani. Mwenzake akisifiwa, siku hiyo chakula hakikumshuka. Sisi wanawe tunalisema hilo kwa heshima, maana bila wivu huo tusingezaliwa.

Mwaka 1981 aliajiriwa kuendesha kombaini, mashine ya kuvuna na kupura, katika shamba kubwa la ngano. Kombaini ya pili iliendeshwa na kijana mmoja mpole, ambaye ndiye baba yetu. Ngano ya kijana ilitoka safi. Ya mama ilijaa makapi. Msimamizi aliichota ya kijana kwa kiganja, akawaonyesha watu wote: "Ngano ndiyo hii!"

Mama akamfuata kijana. "Mwenzangu, unafanyaje?"

"Aa, bahati tu."

Bahati! Mama aliongeza kasi ya feni ya kupeperushia makapi. Makapi yakaruka, na punje nzima nazo zikaruka, zikamwagika nyuma ya mashine. Mvua ilipopiga, kila alipopita pakachipua mistari ya kijani. Msimamizi akamwuliza hadharani, "Dada, unavuna au unapanda?"

Mama alipunguza feni, akavuna kipande, akashuka kupekua mabua kwa mikono. Punje hazikumwagika tena, ila makapi yalirudi. Akaizima mashine ikiwa na mzigo tumboni, akaifungua. Chekeche la chini lilikuwa wazi mno. Akalibana kidogo, akavuna, akashuka, akalibana tena. Msimamizi alipochota ngano za wawili hao, kiganja hiki na kile, alishindwa kuzitofautisha.

Safari hii kijana ndiye aliyekuja mbio. "Nani kakufundisha?"

"Aa, bahati tu."

Walifunga ndoa Desemba 1984. Mama alisema alikubali ili amchunge kwa karibu. Baba husema vivyo hivyo.

Alistaafu mwaka 2015. Mwanamke mwingine alipopewa kombaini yake, mama hakutaka hata kupita njia ya shambani. Kisha moyo ukaanza kumsumbua, akalazwa. Mwanamke yule alikuja kumwona, akafungua leso yenye ngano iliyovunjikavunjika. "Mama, imenishinda."

Mama akageukia ukutani. Tukaona aibu. Kisha tukamsikia akisema, "Ngoma ya kupuria inakwenda mbio mno. Ipunguze. Halafu ulete nione."

Akaleta. Mama alizigeuzageuza punje, akatafuna moja, akanuna. "Safi kuliko zangu," alisema, machozi yakimtoka. "Wewe utanikera hadi kaburini." Akamshika mkono, na hakuuachia hadi muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha.

Alifariki alfajiri ya tarehe 2 Juni 2023. Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu tisa, dada mmoja, na mwanamke huyo, ambaye tumemwomba asimame nasi mazishini upande wa familia.

Mola ampe mama yetu pumziko la amani.