Mtoki Usio na Kidonda

Wachungaji, shehe wetu wa mtaa, wazee wetu shikamooni, ndugu, jamaa na majirani wa Utemini, pamoja nanyi mliotoka Nduguti na Itigi, familia imenituma mimi Sostenes, mtoto wa pili, niwasomee maisha ya mama yetu, ambayo mengi aliyaandikisha mwenyewe, akasahihisha, akafuta sifa tulizomwongezea, na mkisikiliza hadi mwisho mtajua kwa nini.

Damari Mkumbo alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika kijiji kilicho karibu na Nduguti, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Mkumbo Msengi na Bibi Emiliana, wakulima wa uwele na mtama. Alianza shule ya msingi mwaka 1967, na mwaka huohuo akaota mtoki kwenye kinena, mjomba akauchanja kwa wembe na kusugua masizi kama walivyofanya wazee, mguu ukaoza, mtoto akalala hadi mavuno, ndipo mama yake alipomgeuza na kuona mwiba uliozama kisiginoni, ambao siku zote hizo hakuna aliyeutafuta. Kovu la wembe ule alikuwa nalo hadi juzi tulipomwogesha.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1973, akasomea uuguzi wa mama na mtoto mwaka 1976 na 1977, na Januari 1978 akaanza kazi katika zahanati ya kijijini, ambako kila mtoki aliokutana nao alianza kwa kumvua mgonjwa viatu. Aliwafundisha kina mama kwamba mwilini kuna maji mengine mbali na damu, yana mishipa yake lakini hayana moyo wa kuyasukuma, yanatembea kwa sababu wewe unatembea, na njiani yanapita kwenye mageti, shingoni, kwapani na kwenye kinena, ambako askari hukagua kila kinachopita, wakimkamata adui wanaongezeka, geti linavimba, na hiyo ndiyo mitoki. Chanjo, aliwaambia, ni picha ya mhalifu iliyobandikwa getini kabla mhalifu hajafika. Wembe ukapotea katika vijiji vile, na badala yake likabaki neno lake, ambalo wengi wenu mmelirithi: mtoki hauji bila kidonda, tafuteni kidonda.

Tarehe 5 Desemba 1981 alifunga ndoa na marehemu baba yetu, Benjamin Kitundu, mfanyakazi wa reli, wakajaliwa watoto watatu, Rahel mwaka 1982, mimi mwaka 1985 na Emiliana mwaka 1989, na mwaka 1991 baba alipohamishiwa Itigi mama naye akahamia zahanati ya huko. Baba alifariki mwaka 2009. Mama alistaafu Machi 2018, akaja kuishi hapa Utemini, na hata bila koti jeupe aliendelea kuwavua watu viatu, jambo lililowafanya wakwe zetu wafikirie mara mbili kabla ya kuja kusalimia.

Novemba 2022 aligusa uvimbe juu ya mtulinga wa kushoto, pale shingo inapokutana na bega, mgumu kama punje ya mahindi, usiouma hata kidogo. Hakushtuka, alitafuta kidonda. Alimkalisha Emiliana nyuma yake na kitana apekue kichwa chote, Januari aling'oa jino ambalo mng'oaji mwenyewe alisema ni zima, Machi akakuta mkwaruzo wa hereni sikioni, akafurahi kama aliyeona ng'ombe wake aliyepotea, akaupaka spiriti, mkwaruzo ukapona kwa siku nne, na uvimbe ukazaa wa pili. Gauni za kanisani zilianza kumpwaya, tukaambiwa ni kufunga. Rahel alimsihi aende hospitali, akajibiwa kwamba muuguzi wa miaka arobaini hafundishwi mtoki na mtoto aliyemzaa, na sisi, Mungu atusamehe, tulinyamaza.

Aliyevunja ukimya ni jirani yetu Bi. Rukaiya, aliyeita kutoka upande wa pili wa ua, "Mama Rahel, mbona shuka zako kila asubuhi ziko kambani, na humo ndani hamna mtoto mchanga?" Mama alisimama na beseni mkononi, maana jasho la usiku lililolowesha shuka hizo alikuwa amelificha tangu Pasaka.

Julai 2023 alipelekwa hospitali mjini hapa, kipande cha uvimbe kikakatwa na kupelekwa Dodoma, majibu yakarudi kwamba ni saratani ya tezi zenyewe, yaani adui hakupita getini, adui alikuwa askari mmojawapo aliyeasi na kuzaana humohumo. Mama alisikiliza, akauliza swali moja tu, kama kuna mtoki mwingine wa namna hiyo, usio na kidonda, daktari akasema upo, na ukipatikana mapema wengi hupona.

Toka siku hiyo hakujihesabia tena siku zake, alihesabu watu. Katikati ya dripu za dawa ya saratani, huku askari wake wamepungua hata hatukuruhusiwa kumshika mkono, aliwakumbuka watatu ambao kwa miaka yote aliwavua viatu, akawapekua, hakuona kidonda, na bado akawaambia mtoki utaondoka wenyewe. Wa kwanza ni Mzee Simeoni, yupo hapa leo, yeye alikutwa na kifua kikuu cha tezi, akatibiwa mahali pengine akapona. Wa pili ni Klara, mpishi wa shule, simu yake ilipokelewa na binti yake, aliyesema mama yao walimzika mwaka 2015, shingo ikiwa imejaa. Mama alirudisha simu, akageukia ukutani, na hakula hadi kesho yake.

Homa ya mapafu ilimchukua Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, saa tatu asubuhi.

Wa tatu hatujampata, na ndiye ambaye mama aliagiza asomwe kabla ya shukrani. Ni mwanamke muuza asali wa Itigi, Februari 2018 alikuwa na mtoto mgongoni na ndoo ya manjano, uvimbe ulikuwa shingoni, upande wa kushoto, na jina lake mama hakuliandika kwa sababu aliona si ugonjwa. Emiliana amekwenda gulioni mara tatu bila mafanikio. Kama upo hapa, hata kama umesimama nje ya turubai, au yupo anayekujua, au anayejua kaburi lako, mama alisema uambiwe hivi: nilikosea, usisubiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Singida na Dodoma, wafanyakazi wenzake wa zamani, usharika, na majirani, zaidi Bi. Rukaiya, ambaye macho yake yaliona kilichotushinda sisi wa ndani.

Jeneza litabaki wazi hadi saa tisa, na Emiliana atasimama pale kichwani, mwenye habari ya muuza asali amfuate yeye.

Pumzika kwa amani, mama, huyo mmoja tutaendelea kumtafuta.